Skoliomita kwa mtoto aliyepasuliwa kifua akiwa mchanga: inasema kweli wapi, inakosea wapi

Skoliomita ni ndugu ya pimamaji ya fundi mwashi, ila yenyewe haiishii kukuambia kwamba kitu kimelala upande. Inakupa na namba. Ni kipande cha plastiki cha kushika kwa mikono miwili. Ndani yake mna kimrija kilichopinda kidogo, kimejaa majimaji, na ndani ya majimaji mna gololi. Ukingo wa chini umeachwa pengo katikati ili kupisha mfupa wa uti wa mgongo. Mtoto anainama, unakilaza kifaa juu ya mgongo wake, gololi inatelemkia upande ulio chini, nawe unasoma nyuzi kuanzia 0 katikati hadi 30 kila upande. Hakuna betri, hakuna mionzi, hakuna kusubiri majibu. Daktari William Bunnell wa Marekani alieleza kipimo hiki mwaka 1984, ingawa kitendo chenyewe cha kumwinamisha mgonjwa na kuutazama mgongo kwa nyuma kilishaelezwa na William Adams, mpasuaji wa London, mwaka 1865.

Kazi iliyokusudiwa ni kuwapima watoto wa shule ambao mgongo unapinda bila sababu inayojulikana. Hapa tunakitazama kwa kazi nyingine: kumfuatilia mtoto aliyefunguliwa kifua kupitia ubavuni akiwa na umri wa siku au miezi michache, kwa sababu ya kasoro ya kuzaliwa nayo. Kuna ambaye umio wake haukufika tumboni. Kuna ambaye mshipa unaounganisha aota, ule mshipa mkubwa unaotoka moyoni, na mshipa wa mapafu haukujifunga baada ya kuzaliwa. Kuna mwenye aota iliyobana, na mwenye pafu lililojaa vifuko. Kwa watoto hawa kifaa kinafaa sana, na kwa wepesi wake hakina mpinzani. Lakini namba zake hazisomwi kama zinavyosomwa kwa watoto wengine. Anayezisoma vilevile atampeleka mtoto mmoja eksirei bila sababu, na mwingine aliyestahili kwenda atamrudisha nyumbani akiwa ameandikiwa kwamba yuko sawa.

Chanzo cha tofauti hiyo ni kovu. Kwa mtoto wa umio, mara nyingi hufunguliwa upande wa kulia. Chale hupita chini ya ncha ya kombe la bega na kuja mbele kuelekea kwapani, kisha kifua hufunguliwa kati ya ubavu wa 4 na wa 5. Kwa njia ya zamani, misuli miwili hukatwa njiani: latisimusi, ule mpana unaotoka kiunoni kwenda kwenye mkono, na seratasi, unaolishika kombe la bega lisibanduke ubavuni. Mshipa wa fahamu wa seratasi hushuka pembeni mwa kifua, karibu kabisa na kisu. Ukikatwa, au ukivutwa kupita kiasi, msuli unapooza na kombe linabaki limebinuka kama bawa. Baada ya hapo ni zamu ya mbavu. Hutanuliwa kwa chuma, ngozi nyembamba inayofunika mfupa huchubuka, na mwisho wa kazi mbavu mbili huvutwa pamoja na kufungwa. Zikikazwa mno zinagusana, mfupa mpya unaota katikati, na mbavu mbili zinakuwa kitu kimoja.

Mtu mzima angebaki na kovu na maumivu kidogo. Mtoto mchanga wa kilo 2 na nusu ana miaka zaidi ya 15 ya kurefuka mbele yake, na mbavu zilizoshikana ni sawa na kamba fupi iliyofungwa upande mmoja: upande huu haurefuki, ule wa pili unarefuka, na mgongo unajikunja kuelekea kwenye kamba. Mbavu ikiwa iliondolewa kabisa, mambo huelekea kwenda kinyume, mgongo ukatunia upande uliopoteza mfupa. Ndiyo maana watoto wawili wenye makovu yanayofanana wanaweza kupinda pande tofauti.

Hali hii si ya kubahatisha. Huko Helsinki, Ufini, watu wazima 100 waliounganishwa umio utotoni walipigwa picha za mgongo, na matokeo yakachapishwa mwaka 2009. Zaidi ya nusu walikuwa na mpindo unaozidi nyuzi 10 kwenye picha, ambao ndio mpaka wa kuuita mgongo umepinda. Wengi mpindo wao ulikuwa mdogo, na waliozidi nyuzi 20 walikuwa wachache. Karibu nusu walikuwa na pingili za uti wa mgongo zenye kasoro, hasa za shingoni. Linalouma zaidi ni kwamba sehemu kubwa ya kasoro hizo haikuwa imegunduliwa wakati watu hao wakikua. Waliponea chupuchupu kwenye koo na mapafu, macho yote yakabaki huko, mgongo ukasahauliwa.

Kwetu Afrika Mashariki kusahauliwa huko kuna uzito wa ziada. Mtoto anafanyiwa upasuaji Dar es Salaam au Nairobi, kisha anakulia Kigoma au Turkana. Akienda kliniki ya moyo anapimwa moyo, na ndivyo inavyopaswa. Picha ndefu ya mgongo mzima haipigwi kila hospitali ya wilaya. Kifaa kinachoingia kwenye mfuko wa koti la nesi, kinachoweza kumchuja mtoto wa kusafirishwa na wa kusubiri, ni kitu cha thamani.

Kabla ya kukigusa, itafute karatasi aliyoruhusiwa nayo hospitali. Andika upande uliofunguliwa, mara ngapi umefunguliwa, kama misuli ilikatwa au ilisogezwa tu, kama ubavu wowote uliondolewa, na kama baada ya upasuaji mshono wa umio ulivuja au kifua kiliingia usaha. Kufunguliwa mara ya pili na ya tatu, mbavu kushikana na usaha kifuani vyote huongeza makovu ya ndani, na mtoto wa namna hiyo anahitaji kupimwa mara nyingi zaidi. Karatasi ikikosekana, kovu lenyewe linasema mengi. Kovu refu linaloanza karibu na uti wa mgongo ni la njia ya zamani. Kovu lililojificha kwenye mkunjo wa kwapa linaelekea kuwa la njia aliyoieleza Adrian Bianchi wa Manchester mwaka 1998, ambayo huiacha misuli bila kuikata. Vitundu vitatu au vinne vidogo ni vya kamera, njia iliyoanza kutumika kuunganisha umio mwaka 1999. Njia hizi mbili zinapunguza madhara ya misuli na mbavu. Hata hivyo hazimwondoi mtoto kwenye orodha ya kupimwa, kwa sababu pingili zenye kasoro hazikuletwa na kisu. Kwenye mkusanyiko wa kasoro ambao madaktari huuita VACTERL, herufi ya kwanza ni ya pingili za mgongo.

Sasa kupima. Mtoto awe na umri wa kuelewa maagizo na kutulia, kwa kawaida miaka 4 au 5. Miguu peku, nyayo sambamba, magoti yamenyooka, mgongo wazi. Msichana mkubwa ajifunge kanga kwa mbele, mgongo ubaki wazi hadi kiunoni. Kaa nyuma yake kwenye kistuli kifupi ili macho yako yawe usawa wa mgongo wake. Ukisimama na kutazama kutoka juu utaisoma gololi vibaya. Maneno yawe mepesi: “Haya mwanangu, bana viganja pamoja kama unaomba dua, sasa inama polepole, mikono ielekee katikati ya magoti. Simama hapohapo.” Viganja vikiachana, bega moja linatangulia na namba inaharibika. Kwa mtoto ambaye kombe lake limebinuka kosa hili hutokea karibu kila mara, kwa hiyo tazama viganja kwanza, mgongo baadaye.

Laza kifaa juu ya mgongo, pengo la katikati likiwa juu ya mfupa wa uti, na usikikandamize. Uzito wake wenyewe unatosha. Anza juu, kati ya makombe ya mabega, kisha mwambie ainame zaidi na ushuke hadi katikati ya kifua, pale kifua kinapokutana na kiuno, na mwisho kiunoni. Kila sehemu inahitaji kiasi chake cha kuinama, maana unataka eneo unalolipima liwe ndilo lililo juu kabisa. Chukua namba kubwa ya kila eneo. Mtoto asimame, apumue, arudie. Vipimo viwili vikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 2, pima mara ya tatu.

Kuna kosa moja la uandishi linaloharibu kadi nyingi. Gololi huenda upande ulio chini, lakini tunaloandika ni upande ulio juu, kwa sababu nundu ndiyo iko huko. Andika kwa maneno kamili: “katikati ya kifua, kushoto juu, nyuzi 6”. Ukiandika “6 kulia” tu, mwenzako wa mwakani hatajua ulimaanisha gololi au nundu, na kwa watoto hawa upande ni nusu ya jibu.

Tufike sasa pale kifaa kinapokosea. Skoliomita haipimi mgongo. Inapima mwinamo wa uso wa mgongo, kisha sisi tunakisia kwamba uso umeinama kwa sababu pingili zimejizungusha na kuzisukuma mbavu. Mtoto ambaye misuli yake iko sawa pande zote mbili, kisio hilo linasimama. Mtoto aliyekatwa latisimusi na seratasi upande wa kulia ana nyama pungufu upande huo. Hata mgongo wake ukiwa umenyooka kama timazi, kulia kutakuwa bapa na kushoto kutaonekana kuwa juu.

Kutokana na hapo, chukua watoto wawili wa miaka 9, wote waliopasuliwa kulia. Wa kwanza anasomeka kushoto juu kwa nyuzi 6. Sehemu ya namba hiyo ni msuli uliokosekana, na mpindo halisi unaweza kuwa mdogo kuliko inavyoonekana. Wa pili anasomeka kulia juu kwa nyuzi 4. Kwa mpaka wa nyuzi 7 unaotumika sana mashuleni, wote wawili wanaambiwa warudi mwakani. Lakini huyu wa pili ndiye wa kumwogopea: ili upande wenye nyama pungufu uwe juu ya ule wenye nyama kamili, mbavu za kulia zimesukumwa kiasi cha kufidia pengo lote la msuli na kubakiza nyuzi 4 juu yake. Mpaka wa 7 haukuwekwa kwa mtoto wa namna hii. Upande uliopasuliwa ukionekana kuwa juu, hata kwa nyuzi 3 au 4, daktari wa mifupa amwone.

Njia ya kutenganisha msuli na mfupa ni vidole. Mtoto akiwa bado ameinama, weka vidole viwili pembeni kabisa mwa uti, kulia na kushoto, umbali wa sentimita 2 au 3. Misuli iliyolala hapo ikiandamana na uti kwa kawaida haikatwi kwenye chale ya ubavuni. Ukikuta tuta upande mmoja hapo karibu na uti, mgongo umejizungusha. Ukikuta sawa kwa sawa, na tofauti inaanza mbali, karibu na kombe la bega, basi kwa sehemu kubwa unapima msuli. Halafu pitisha kidole kwenye nafasi kati ya mbavu chini ya kovu. Pale nafasi inapopotea, ukawa unahisi bamba moja gumu badala ya mbavu mbili, andika hivyo kadini kwa herufi kubwa.

Kuna na kosa la upande wa pili. Mpindo unaovutwa na mbavu zilizoshikana unaweza kuegemea upande bila kujizungusha sana, na skoliomita ikasoma namba ndogo huku mtoto amelemaa waziwazi. Hapo timazi ya fundi inasaidia. Shikilia uzi kwenye pingili inayochomoza shingoni mtoto akiwa amesimama wima, uache uzito uning’inie, na uone kama unaangukia kwenye mfereji wa makalio au pembeni. Umbali wa kutoka hapo andika kwa sentimita. Tazama pia mabega na nafasi kati ya mkono na kiuno kila upande. Ikiwa nyonga moja iko juu kwa sababu mguu mmoja ni mfupi, mpime tena akiwa ameketi kwenye stuli. Namba ikipotea, tatizo lilikuwa miguuni.

Kuhusu shingo, ambako watu wale wa Helsinki walikuwa na kasoro nyingi, kifaa hakina la kusema. Pingili mbovu za shingoni hutafutwa kwa picha. Wala hakioni mfupa wa kidari: mtoto wa moyo aliyefunguliwa kwa mbele anaweza kuota kifua kilichochomoza kama cha njiwa, na skoliomita ikasoma 0. Wala hakimpimi binti ambaye chale yake ilikuja mbele ikagusa mahali ziwa linapoota. Tofauti ya matiti huonekana wakati wa kubalehe, na inafaa mama aambiwe mapema ili binti asije akafikiri ana ugonjwa mpya. Kombe la bega nalo lina kipimo chake kisichohitaji kifaa: mtoto aweke viganja ukutani usawa wa mabega na asukume. Kombe lenye msuli dhaifu litabanduka mbele ya macho yako. Mazoezi ya fiziotherapia husaidia bega kupata nguvu na mkono kupanda juu, lakini hayatenganishi mbavu zilizoshikana, na asiyelisema hilo anamuuzia mzazi matumaini.

Programu za simu zinazofanya kazi ya skoliomita zipo, na namba zake hukaribiana na za kifaa halisi, mradi mambo mawili yaangaliwe. Simu haina pengo la katikati, kwa hiyo ikilazwa moja kwa moja juu ya mgongo inayumba juu ya mfupa wa uti. Shika ncha zake mbili kwa dole gumba chini ya kila ncha, magumba ndiyo yagusane na mgongo, yakiwa umbali sawa kutoka kwenye uti. Pili ni kamera ya nyuma: simu nyingi zina kinundu cha kamera kona moja, na kinatosha kuongeza nyuzi kadhaa. Tumia ukingo mrefu wa simu, toa kava, kisha isawazishe kwenye meza iliyolala sawa kabla ya kila siku ya kupima. Ukianza kumfuatilia mtoto kwa simu, endelea na simu. Kubadilisha kifaa katikati ya safari kunavuruga mfululizo, na kwa watoto hawa mfululizo una maana kuliko namba yoyote moja. Upungufu wa msuli haubadiliki sana mwaka hadi mwaka. Namba ikipanda kwa nyuzi 3 au zaidi kati ya vipimo viwili vilivyofanywa kwa uangalifu, kinachopanda ni mgongo.

Ratiba nzuri ni mara moja kwa mwaka, na kila baada ya miezi 6 mtoto anapokua kwa kasi. Kwa wasichana kipindi hicho huanza karibu na miaka 10, kwa wavulana karibu na 12. Pima na urefu siku hiyohiyo. Urefu ukiruka, tarajia na mpindo kuruka. Kwa mtoto wa chini ya miaka 4, ambaye naye anakua upesi mno, mlaze kifudifudi kwenye mapaja ya mama, tazama mstari wa uti na upapase mbavu. Kifaa kitasubiri.

Akifikia kupigwa picha, iwe ya mgongo mzima, amesimama, mionzi ikiingilia nyuma ili matiti yapate kidogo. Daktari atapima pembe ya Cobb, yaani ukubwa wa mpindo kwenye picha, iliyopewa jina la John Cobb wa New York aliyeieleza mwaka 1948. Nyuzi za skoliomita na nyuzi za Cobb si kitu kimoja. 7 kwenye gololi mara nyingi huwa karibu na 20 kwenye picha kwa mtoto wa kawaida, na kwa aliyepasuliwa ubavu uhusiano huo haushiki vizuri. Kwa mtoto anayeendelea kukua, kati ya nyuzi 25 na 40 za Cobb ndipo mkanda mgumu wa mgongo hufikiriwa, na kuanzia 45 hadi 50 mazungumzo ya upasuaji huanza. Mpindo unaotokana na pingili iliyoumbika nusu hautii mkanda, ndiyo maana picha isome pingili moja baada ya nyingine, isiishie kwenye pembe.

Unaponunua, jaribu dukani. Kilaze kifaa juu ya kioo cha kaunta, soma, kisha kigeuze ncha kwa ncha usome tena. Namba mbili zikitofautiana kwa zaidi ya nyuzi 1, kirudishe. Kiinamishe polepole: gololi itembee kwa ulaini, isishike na kuruka. Kapovu ka hewa kwenye kimrija ni dalili ya majimaji kuvuja. Kifaa asili kutoka nje ni ghali kwa zahanati, na vipo vya kuiga vinavyopita jaribio hili bila shida. Kliniki inayofuatilia watoto wa moyo au wa umio inunue kimoja kizuri na kukifungia kwenye droo ya kadi zao. Mzazi mmoja mmoja hana haja ya kununua. Simu aliyonayo, iliyowekewa programu na kushikwa kwa magumba mawili, mara mbili kwa mwaka, pamoja na daftari la kuandikia upande na namba, inatosha kumfikisha mtoto kwa daktari kwa wakati.